Jina Moja Lililobaki Mdomoni

Kamina, tarehe 30 mwezi wa tatu 1999

Asma dada yangu,

Kaa chini kwanza. Najua unasoma barua huku unatembea, umekuwa hivyo tangu shule ya uuguzi, lakini hii isome umekaa. Baba yako yupo hai. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari ukilitafuta.

Siku ya Idi, baada ya swala, Baba Amuri alirudi nyumbani kwa miguu yake. Kama kila mwaka, alitaka sahani ya kwetu ipakuliwe kabla ya zote. Unajua hajawahi kumtuma mtu kuileta, huwa anavuka ua mwenyewe na kumwita baba yangu, "Jéthro, fungua, mikono imejaa." Safari hii alishika sahani na mkono ukaiachia. Shangazi yako Mama Amida alidhani ameteleza. Aliponiita nilikuwa napiga pasi gauni la kazi, nikaruka hivyo hivyo. Nilimkuta mlangoni, mdomo umevutwa upande wa kushoto, wali umemwagika mpaka kwenye ndevu. Tulimpeleka hospitali kwa toroli la mizigo.

Nakuandikia kama Monsieur Isaïe alivyotufundisha shuleni: andika ulichoona, usiandike unachotamani. Macho yake yako wazi na anageuka akiitwa. Mboni zote mbili ni sawa na zinajibu tochi. Nikisema "Baba, funga macho," anafunga. Nikisema "Nipe mkono," anatoa wa kushoto. Wa kulia hauinuki hata kidole. Mguu wa kulia unasukuma kidogo ukiusukuma. Tension ya damu ilikuwa mbaya sana, sasa imeshuka. Maji yanamkohoza, kwa hiyo nampa uji mzito akiwa ameketi wima, nao unajificha kwenye shavu la kulia mpaka niutoe kwa kidole. Tunamgeuza ubavu mchana na usiku. Mgongo hauna kidonda, na hautapata kidonda nikiwa mimi muuguzi wa servisi hii.

Lakini hataki kula mwenyewe. Nikimwekea kijiko katika mkono mzima anakiacha kwenye shuka na kugeuza uso. Daktari anasema amekata tamaa ya maisha, kwamba wazee wengi hufanya hivyo. Sijui niandike nini kwenye fishi yake, ile karatasi ya kitandani.

Na maneno, Asma. Maneno yote yamekwenda, limebaki moja tu. Ni jina lako. Anaita asubuhi, anaita mchana. Mama Amida amekaa kando ya kitanda na kumwambia kila anayepita: "Muntu iko anaita mutoto yake, na mutoto iko kule ku mayi. Weye Ève, andika akuye."

Basi nimeandika, kama alivyotaka nikuite. Barua hii naipeleka kwa wauza samaki wa Mulongo wanaorudi kesho huko kwako mtoni, wale wale waliokuwa wakishusha vikapu dukani kwa baba yako.

Wako,
Ève


Mulongo, tarehe 11 mwezi wa nne 1999

Ève wangu,

Nilikaa. Nilisoma. Nililia mpaka wagonjwa wakaanza kuniuguza mimi.

Sasa nisikilize. Hakukata tamaa, wala daktari wako asiandike hivyo. Umesahau ulivyokuwa unakuja kula kwetu tukiwa wadogo? Umesahau nani alikuwa anakupiga kofi dogo kwenye mkono wa kushoto kila ulipouingiza kwenye sahani? Uliwahi kulia mpaka mama yako akaja kuuliza mtoto wake amefanyiwa nini, na baba akamjibu kwamba hapa kwetu mkono ule una kazi nyingine. Mtu huyo atakufa na njaa kabla hajapeleka chakula mdomoni kwa kushoto. Ukimwekea kijiko pale, wewe unaona mazoezi, yeye anaona aibu mbele ya watu wote wa chumba. Mlishe wewe. Keti upande wake, sema bismillahi kwa sauti hata kama wewe ni Mmethodisti, na usimtazame sana mdomoni. Mkono wa kushoto mpe kazi nyingine: akamue kitambaa, ashike ukingo wa kitanda. Atakubali.

Ile fishi uliyoniandikia baruani nimeisoma mara nyingi. Ni nzuri. Tangu zamani ulikuwa unaandika vizuri kuliko mimi, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nagonga magoti vizuri. Unakumbuka tulivyokosa nyundo ya reflexi, tukatumia mwiko wa kusongea bukari, na mguu wako ukampiga Monsieur Isaïe tumboni? Alituambia tu, "Reflexi nzuri, mademoiselle," akaendelea na somo. Siku zile nilikuwa nalalamika wanga kwenye kola unanikata shingo. Leo ningevaa kola ile nikashukuru.

Nami nina swali, na sina wa kumwuliza ila wewe. Tangu watu wa kaskazini wakimbilie hapa, napata wagonjwa wa aina moja. Mtu analala mzima, asubuhi akisimama miguu yote miwili imekakamaa. Hana homa. Nikigonga goti kwa ukingo wa kiganja, mguu unaruka na hauachi kutetemeka. Nikimchoma kwa kijiti anasikia vizuri. Akili iko sawa, mkojo uko sawa. Wanaotembea wanatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana. Wengi ni wanawake na watoto. Béthanie, mfinyanzi wa vyungu, mama wa mapacha, ndiye mbaya kuliko wote. Watu wanasema askari wametia sumu mtoni. Mimi mwenyewe nakunywa maji hayo hayo na natembea. Nenda kwa Monsieur Isaïe, mwelezee kama nilivyokueleza, usiongeze chumvi.

Nikipata wa kunishikia zamu nakuja. Mwambie baba. Mwambie nimesikia.

Wasalaam,
Asma


Kamina, tarehe 23 mwezi wa nne 1999

Asma,

Amekula. Nilikaa upande wake, nikasema bismillahi, na mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye ni mzee wa kanisa letu akakohoa kwa nguvu. Baba Amuri alifungua mdomo. Alimaliza bakuli. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko la hospitali mpaka macho yalipokauka, kwa sababu nilikumbuka lile kofi. Nililikumbuka hapa mkononi kabisa. Kumbe nilikuwa na jibu langu mwenyewe tangu utotoni.

Sasa anakamua kitambaa kwa mkono wa kushoto na anakaa kwenye kiti saa nzima. Ameanza kuvuta mguu wa kulia akitaka kushuka kitandani. Nafunga kile kiatu chake cha zamani cha ngozi kwenye mguu huo ili kifundo kisilegee kikapinda.

Monsieur Isaïe amezeeka, masikio yamekuwa mazito, ilibidi nimpigie kelele habari ya miguu iliyokakamaa mbele ya jirani zake wote. Alifumba macho akasikiliza yote. Kisha hakuniuliza habari ya maji wala ya askari. Aliuliza: "Wanakula nini, na wanaloweka siku ngapi?" Anasema aliona hivyo kule Kwango ujanani, watu wa kule wanaita konzo. Ni mihogo michungu. Ikilowekwa siku tatu na zaidi sumu yake inatoka, lakini mtu anayekimbia haweki mihogo majini siku tatu. Analoweka usiku mmoja, anatoa, anatwanga, anakula, na hana samaki wala maharage ya kuusaidia mwili. Anasema uwaambie waloweke mpaka vidole vizame ndani ya mhogo. Waliokwisha kukakamaa hawatapona kabisa, lakini ugonjwa wao hautazidi. Wapate fimbo, wanyoshwe misuli asubuhi na jioni, na usiruhusu mtu awachome sindano za bure.

Aliniuliza pia habari zako. Nilimwambia uko Mulongo peke yako. Akasema ulikuwa mkaidi na ndiyo sababu alikupenda.

Mji umejaa askari. Treni zikija zimewabeba wao, zikiondoka zimewabeba wao. Jana king'ora cha stasioni kililia saa sita kamili kama zamani, nikatoka barazani bila kufikiri, nikitazama upande wa duka lenu. Nilikuwa nangoja baba yako avute mlango wa bati kwa ajili ya adhuhuri. Mlango umefungwa tangu Idi. Sikujua kama mtu anaweza kuitamani kelele ya bati.

Bado anakuita. Mama Amida analeta majirani wakae wamsikie, nao wanalia, na wengine wanasema wewe una moyo mgumu. Mimi nawajibu hawakujui. Lakini nami natamani uje. Nimesema.

Ève


Mulongo, tarehe 6 mwezi wa tano 1999

Ève,

Monsieur Isaïe na abarikiwe. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikatia vidole kwenye vyungu vya watu. Kila nilipouliza walinijibu, "Tuliloweka, Madame," na kila nilipobonyeza mhogo ulikuwa mgumu. Mama mmoja aliniambia: "Batoto banalia leo, Madame. Siku tatu njo mbali." Sasa nimeomba mapipa mawili kwa wavuvi, tunaloweka ya wote pamoja na mimi ndiye ninayesema lini itoke. Wananiita Mama Mihogo. Tangu hapo hajakakamaa mtu mpya.

Béthanie anasimama kwa fimbo mbili. Alinifinyangia chungu akiwa amekaa, akaniomba radhi kwamba kimepinda.

Lakini waasi wamekaribia. Mwenzangu wa maabara ameondoka na familia yake. Mkuu wa zahanati ameondoka pia, akasema atarudi. Watu wenye miguu wanalala porini na kurudi mchana kupika. Wangu hawawezi kulala porini. Wako kumi na mmoja wanaolala hapa kwenye sakafu, na kila usiku risasi zikisikika wananitazama mimi.

Na kule baba ananiita. Nimejaribu kutolisikia jina hilo, Ève, nikashindwa. Nikiwa natwanga, nikiwa naosha mtu, nalisikia na sauti yake yote, ile aliyokuwa akiniita kutoka nyuma ya meza ya duka nikatoe khanga za juu kwa sababu mimi ndiye niliyeweza kupanda ngazi bila kuogopa. Mama alipokufa nilikuwa kwenye mtihani. Sitaki na baba akiondoka niwe kwenye kazi.

Nimeamua. Wauza samaki wataondoka baada ya wiki mbili kwa njia ya barabara, wanasema ni mbaya lakini inapitika. Nitakwenda nao. Wagonjwa nitawaachia ndugu zao, wale walio na ndugu. Béthanie hana, ila mapacha wake wadogo. Sijamwambia.

Mwambie baba ninakuja. Usiniandikie kunitia moyo wala kunivunja, nimekwisha kuamua.

Asma


Kamina, tarehe 14 mwezi wa tano 1999

Asma dada yangu,

Naandika barua hii mara mbili na kuituma kwa watu wawili, mmoja kwa barabara, mwingine kwa treni ya Bukama kisha mto. Mojawapo ikufikie kabla hujaondoka.

Nina neno la kukwambia na sikulijua mpaka Jumatatu. Niliingia na chupa ya mkojo. Baba Amuri aliiona, akanyosha mkono wa kushoto, akaiambia ile chupa, taratibu na kwa adabu zote, "Asma."

Nilisimama pale. Kisha nikaanza kukumbuka. Alipotaka mto ugeuzwe alisema Asma. Alipomfukuza nzi alisema Asma. Daktari aliitwa Asma, na mfagiaji, na yule mzee wa kanisa wa kitanda cha pili. Sisi tulisikia jina lako tukalia, na hakuna aliyefanya kazi ya kumwuliza. Wote wanasema amechanganyikiwa, anatuona sote kuwa wewe. Nami niliyefundishwa nilisema hivyo hivyo.

Basi nilifanya nilichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza. Nilimtoa Mama Amida nje, nikafunga mlango. Nilimwambia: "Baba, ndiyo, funga macho mara moja. Hapana, mara mbili." Nikainua kikombe. "Hii njo kikombe?" Mara moja. "Hii njo Asma?" Mara mbili, na akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Nikauliza, "Minyi njo Asma?" Mara mbili. "Minyi njo Ève, wa Jéthro?" Mara moja, na upande wa mdomo unaofanya kazi ukacheka.

Hakuchanganyikiwa, Asma. Hata siku moja. Yuko ndani mle mzima, anatujua sote, anajua kilichompata. Akili inatafuta neno la maji na mdomo unatoa jina lako kwa sababu ndilo lililobaki. Wiki sita anaomba maji, sisi tunamwambia vumilia, mwanao atakuja.

Unisamehe. Ninajua unavyolisikia jina hilo ukiwa unatwanga. Ningeweza kukuacha uendelee kulisikia. Mimi nilitaka uje, nilipenda liwe linakuita, maana hata mimi nakuhitaji hapa, jioni ni ndefu na sina wa kucheka naye. Lakini huwezi kuwaacha watu kumi na mmoja na kupita barabara ile kwa ajili ya neno ambalo huenda lilimaanisha chupa.

Kisha niliona ni haki aulizwe yeye mwenyewe. Nilimwambia yote. Nilimwambia uko wapi, nikamweleza ile miguu, mapipa ya mihogo, wanavyokuita, Béthanie na chungu kilichopinda. Nilimwambia waasi wako karibu na barabara ni mbaya. Alisikiliza bila kugeuza macho.

Nikauliza: "Asma akuye?"

Alifumba mara mbili. Hapana.

Unajua hatuachi hapo. Mgonjwa wa namna hii anaweza kurudia jibu lile lile kwa kuchoka, kwa hiyo lazima swali ligeuzwe. Nikauliza: "Asma abakie kule?"

Hakufumba. Nilingoja kama tulivyofundishwa kungoja. Niliuliza tena polepole. Aliacha macho wazi kabisa, makavu kwanza, kisha yakajaa na machozi yakashuka mpaka masikioni, naye hakuyafumba hata hivyo, aliogopa nisije nikahesabu kufumba huko kuwa ndiyo.

Hilo ndilo jibu nililopata, na sikuongeza kitu. Hataki uje katika njia ile, wala hakubali ubaki pale. Nimemfuta uso, nikampa maji.

Uamuzi ni wako. Wowote utakaofanya, nitamwambia kwa namna atakayoelewa, na sitamdanganya.

Ève


Kamina, tarehe 18 mwezi wa sita 1999

Asma,

Sijapata jibu lako tangu mwezi wa tano. Wauza samaki hawapiti tena, nampa barua hii padri anayejaribu kufika Mulongo. Kaa chini, dada yangu.

Baba Amuri alituacha jana Alhamisi, baada ya adhuhuri. Wiki moja kabla alipata homa, kifua kikajaa. Nadhani ni mate au uji ulioingia njia isiyo yake, ingawa nilimlisha mimi na nilikuwa makini. Tulimpa dawa iliyopatikana. Jumatano alikuwa bado anageuka akiitwa. Alhamisi asubuhi aliguswa bega ndipo akafungua macho. Saa tano hakuyafungua kwa kuguswa. Pumzi zilikuwa zinakwenda mbio, zinasimama, zinaanza tena. Mboni zilipanuka, na tochi haikuzibadilisha. Nilikuwa nimeshika mkono wa kulia, ule uliolala, kwa sababu wa kushoto Mama Amida alikuwa ameushika.

Ningependa kukuandikia kwamba alitaja jina lako mwisho. Hakutaja. Alikuwa amelala.

Siku zake za mwisho zilikuwa bora kuliko zile za kwanza, hilo nililiona na naliandika. Tangu tulipoanza kumwuliza kwa macho alipata maji alipotaka maji. Alichagua shuka. Alifumba mara mbili kabisa nisimwimbie wimbo wa kanisa, kisha siku nyingine akakubali. Kila jioni nilimweleza habari zako nilizokuwa nazo, zile zile za zamani, naye alisikiliza kama mpya.

Wanaume wa msikiti walimwosha na kumzika jana hiyo hiyo kabla ya magharibi. Mimi sikufika kaburini, nilibaki na Mama Amida. Baba yangu Jéthro alikwenda, akatia udongo pamoja nao. Aliporudi alikaa kwenye ua upande wetu mpaka leo asubuhi.

Nilikuahidi kwamba hatapata kidonda mgongoni. Hakupata.

Nakulilia, na nalia mwenyewe pia. Alikuwa baba yangu upande ule wa ua.

Ève


Bukama, tarehe 24 mwezi wa sita 1999

Ève wangu, wewe na chupa yako,

Niko stasioni ya Bukama. Niko hai, sina jeraha, nanuka samaki. Mtu wa treni ya leo anakubali kubeba karatasi, hakubali kubeba wagonjwa, mpaka tupate behewa. Ameniahidi keshokutwa. Kwa hiyo barua itakufikia kabla yangu, kwa mara ya kwanza maishani karatasi imenipita mwendo.

Barua yako ya tarehe 14 ndiyo ya mwisho niliyopata, ile iliyopita mtoni. Ilinikuta mzigo umefungwa. Nilisoma habari ya chupa nikakaa juu ya mzigo, nikacheka mpaka Béthanie akauliza Madame ana nini. Nikamwambia: baba yangu ameniita chombo cha mkojo. Kumi na mmoja wote walicheka, na hatukuwa tumecheka sijui wiki ngapi. Baadaye ndiyo nikalia, kwa ajili ya yale maji aliyokuwa anaomba.

Kisha nikasoma jibu lake. Nilikaa nalo siku mbili. Hataki nije, hataki nibaki. Nilikasirika, nikasema mzee huyu hata akipooza anataka bei ambayo hakuna muuzaji angeikubali. Halafu nikaona. Sikuwa nimetafuta vizuri, mimi pamoja na ukaidi wangu. Nilikuwa nahesabu njia mbili tu, niwaache niende, au nikae nao. Sikuwahi kufikiri niende nao. Barabara inataka miguu, lakini mto haumwulizi mtu miguu yake.

Séraphin, yule mvuvi mwenye mapipa, alitoa mitumbwi miwili mikubwa na vijana wa kupiga kasia. Tuliwalaza wagonjwa katikati, fimbo zao zimefungwa pembeni, mapacha wa Béthanie wameketi miguuni pa mama yao. Tulipita kwenye mafunjo ya Upemba mahali ambapo huoni mbele wala nyuma, tukalala kwenye visiwa vya wavuvi, watu wakatupa samaki bila kuuliza sisi ni wa upande gani. Mara mbili tulisimama siku tatu nzima mahali pamoja kwa ajili ya mihogo. Séraphin aligombana nami, alitaka tuloweke usiku mmoja tusonge. Nilikataa, nikamwambia sikuwatoa kwenye risasi ili niwamalize kwa bukari. Bila hivyo tungekuwa tumefika hapa wiki iliyopita. Sijuti. Wote kumi na mmoja wamefika, na hakuna hata mmoja aliyezidiwa.

Sasa kazi yako. Mwone daktari, omba nafasi, hata barazani. Mwambie Monsieur Isaïe namletea wagonjwa wake wa Kwango, avae miwani. Mama Amida apike, asilie.

Na baba usimwambie. Najua uliapa hutamdanganya, sikuombi udanganye, nakuomba tu ukae kimya siku mbili. Mtie shati safi, mkalishe kwenye kiti, basi. Nataka niingie bila kubisha, nisimame mbele yake, nimsikie akisema Asma, na safari hii liwe ndilo neno alilokuwa analitafuta.

Asma